Intaneti isiyo na kikomo Sinza: alfajiri raha, saa mbili usiku karaha

Kwa wasio na muda wa kusoma yote, hukumu yangu ni hii: intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo, ile ya ruta yenye laini ya simu ndani, inalipa kama kazi zako unaweza kuzifanya alfajiri au asubuhi. Kama unaitaka ili familia iangalie tamthilia baada ya taarifa ya habari, na mtaa wenu umebanana kama wetu, hela itakuuma. Kampuni ninayoitumia siitaji. Rafiki zangu wa hapa hapa Sinza, Dar es Salaam, wako mitandao mingine na kilio chao ni hiki hiki, kwa hiyo kuitaja moja ni kuzisafisha nyingine bure.

Mimi nahariri video za harusi, sendofu na komunyo. Video moja ikikamilika inaweza kufika GB 8, na mteja wa siku hizi haji kuchukua flashi, anataka umtumie linki, tena leo leo kwa sababu shangazi yuko Muscat anasubiri kuona. Zamani nilikuwa naishi kwa bando za wiki. Anayezijua anazijua: unajiunga Jumatatu, Alhamisi unapokea ujumbe kwamba umetumia asilimia 75, Ijumaa unaanza kuomba hotspoti kwa jirani. Sasa nalipa laki moja na ushee kwa mwezi, ruta nimepewa kwa mkataba, na karatasi inasema spidi ni hadi Mbps 30, yaani megabiti 30 kwa sekunde. Ukiangalia GB ninazovuta na kupandisha, kwa bei za bando ningekuwa nimeshafunga ofisi. Upande huo wa hesabu sina ugomvi nao kabisa.

Ugomvi wangu ni wa saa. Saa kumi alfajiri napata Mbps 30 kamili za kushusha na 10 au zaidi za kupandisha. Saa mbili usiku, ruta ile ile, dirisha lile lile, kushusha kunagota kwenye 2 na kupandisha hata 1 haifiki. Watu husikia namba hizi wasione uzito wake, kwa hiyo nizigeuze kuwa kazi. Mbps ni biti, si baiti, na baiti moja ni biti nane. Video ya GB 8 ni gigabiti 64. Kwa Mbps 10 inapanda kwa muda usiofika saa mbili. Kwa Mbps 1 inahitaji kama saa kumi na nane, na hapo naomba Mungu isikatike katikati. Kwa hiyo ratiba ya ofisi yangu haipangwi na mimi wala wateja. Inapangwa na mnara.

Na mnara wenyewe ndio wa kuuelewa, maana hapo ndipo mambo yote yalipo. Mnara wa kawaida umegawanywa pande tatu, kila upande unahudumia nyuzi 120 za mtaa. Upande mmoja wa 4G wenye masafa ya upana wa MHz 20 na antena mbili unaweza kutoa, kinadharia, Mbps 150. Hizo 150 si za kwako, ni za upande wote: wewe, duka la chini, hosteli ya wanafunzi, baa yenye runinga tatu, na kila anayepita barabarani akitazama video fupi. Ni sinia moja la pilau, na wageni wakiongezeka sinia haliongezeki. Ruta tano tu zikivuta Mbps 30 kila moja, ile 150 ya kwenye karatasi imekwisha. Tena kwa uhalisia hata 150 haifiki, kwa sababu mtu aliye mbali na mnara au nyuma ya kuta nene anatumia muda mwingi wa mnara kupokea data ile ile ambayo aliye karibu anaipata mara moja. Jirani mwenye mtandao mbovu chumbani kwake anakupunguzia na wewe, na hamjuani.

Sasa weka juu yake vifurushi visivyo na kikomo. Netflix wenyewe wanasema video ya HD inakula hadi GB 3 kwa saa, na 4K hadi GB 7. GB 3 kwa saa ni karibu Mbps 7 mfululizo. Mtu wa bando ya wiki anashusha ubora wa video hadi picha iwe ukungu, anahesabu. Mtu asiye na kikomo anaiacha runinga ikijichezea mwenyewe huku amelala kwenye kochi. Simlaumu, amelipia. Mimi mwenyewe ruta yangu haizimwi. Ila wanaouza wanajua hivyo, na wanaendelea kuuza ruta kwenye upande ule ule wa mnara ule ule.

Kuna majira pia. Vyuo vikifunguliwa, mwisho wa mwaka, mtandao wa huku karibu na Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, unashuka waziwazi. Vikifungwa unapanda, na hapo ndipo utawasikia watu wakisifu kampuni kwamba imeboresha huduma. Siku ya Simba na Yanga usijaribu kutuma kitu chochote kuanzia mpira unapoanza. Na kuna hili ambalo sijaona mtu akilisema: umeme ukikatika, waliokuwa kwenye waifai za faiba wote wanahamia kwenye data ya simu kwa mpigo. Ruta yangu iko kwenye betri, inawaka vizuri, vijiti vyote vimejaa, na hakuna kinachofunguka.

Vijiti hivyo ndivyo vinavyowachanganya wengi. Vijiti vinaonyesha nguvu ya mawimbi kati yako na mnara. Havisemi mnaugombea wangapi. Unaweza kuwa na vijiti vitano na ukashindwa kufungua picha ya WhatsApp, na hakuna anayekudanganya hapo, umesoma kipimo cha kitu kingine.

Kabla ya kupigia simu huduma kwa wateja, ujue kwanza unaumwa nini, kwa sababu kuna magonjwa mawili yanayofanana dalili. La kwanza ni msongamano, ambao nimeueleza. La pili ni FUP, ile sera ya matumizi ya haki iliyoandikwa kwa herufi za chungu mwishoni mwa mkataba: ukifikisha GB kadhaa ndani ya mwezi, spidi inashushwa kwa makusudi hadi mzunguko mpya uanze. Namna ya kuyatofautisha ni rahisi. Pima saa kumi alfajiri. Kama alfajiri inakimbia na usiku inasuasua, huo ni msongamano, na kuzima na kuwasha ruta hakutasaidia. Kama alfajiri na usiku namba ni ile ile ndogo, imenyooka kama imepigiwa rula, umefika kikomo cha FUP. Angalia pia ping, yaani milisekunde ambazo ujumbe unachukua kwenda kwenye seva na kurudi. Kwenye msongamano ping inaruka ovyo, mara 40, mara 400, simu za video zinakatikakatika. Kwenye FUP mara nyingi ping inabaki tulivu huku spidi ikiwa imebanwa. Halafu pima kwa Speedtest na kwa fast.com, dakika ile ile. Fast.com inapima kupitia seva za Netflix. Ukirudia mara kadhaa na kila mara Speedtest inatoa 25 huku fast.com ikitoa 3, shuku kwamba video zinabanwa peke yake.

Lipo na la tatu, ila hilo huwa linajitangaza lenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Afrika Mashariki nzima ikaonja. Siku kama hiyo hakuna alfajiri wala usiku, na wenye faiba wanalia pamoja na wenye laini. Usihangaike na ruta.

Huduma kwa wateja naipa heshima yake kwa adabu, siipi kwa msaada. Dada wa kwanza aliniambia, "Kaka, zima kifaa kwa dakika mbili kisha uwashe." Nikamwambia nimeshafanya. Akaniomba nifanye tena akiwa kwenye laini. Wa pili akaniambia wataalamu wanalifanyia kazi. Aliyeniambia ukweli ni fundi aliyekuja kwa jambo jingine kabisa, kubadilisha ruta iliyokuwa inapata moto kupita kiasi. Alifungua programu yake kwenye simu, akatazama, akacheka kidogo. "Bosi, mnara wenu umejaa. Ungekuwa Goba, kule pembezoni mwa jiji, ungefurahi sana na kifurushi hiki." Nikamuuliza mbona wananiuzia mimi wa Sinza. Akasema hilo niwaulize watu wa mauzo, yeye ni wa ruta.

Jibu lake linaniuma mpaka leo kwa sababu taarifa zipo. Kampuni inajua kila upande wa kila mnara umejaa kiasi gani saa mbili usiku. Jirani zetu Nairobi waliona mfano: Novemba 2024 Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, ilisitisha kusajili wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kama Kiambu na Machakos kwa sababu uwezo wa mtandao eneo hilo ulikuwa umejaa. Watu walilalamika, lakini angalau hawakuchukuliwa hela kwanza wakaambiwa baadaye. Huku kwetu sijawahi kuona dukani mtu akiulizwa anaishi mtaa gani, labda kwa ajili ya kujaza fomu ya usajili.

Nchi zilizotangulia kuuza intaneti hii nako haikuwa salama. Marekani, AT&T walikuwa na wateja wa data isiyo na kikomo tangu enzi za iPhone za mwanzo, kisha kuanzia 2011 wakaanza kuwabania spidi waliotumia sana. Tume ya biashara ya serikali, FTC, ikawashtaki 2014, na 2019 wakakubali kulipa dola milioni 60. Mwaka 2018 zimamoto wa kaunti ya Santa Clara, California, walibaniwa data na Verizon katikati ya kupambana na moto wa msituni, wakiwa na kifurushi kilichouzwa kama kisicho na kikomo. Verizon ilikiri kwamba haikupaswa kutokea. Nikisoma hayo naona kesi yangu ya video ya sendofu ni ndogo, lakini ni ya ukoo huo huo.

Kuna unachoweza kukifanya mwenyewe, japo kidogo. Toa ruta nyuma ya runinga, iweke dirishani upande wa mnara. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta namba ya RSRP, kipimo cha nguvu ya mawimbi ya mnara yanayokufikia. Ikiwa karibu na -80 uko vizuri, ikiwa -110 unateseka bure, sogeza. Kama ruta inakuruhusu kuchagua bendi, yaani kundi la masafa, jaribu moja moja usiku wenye foleni. Masafa ya chini kama MHz 800 yanafika mbali na kupenya kuta, lakini upana wake huwa mdogo na kila simu ya mtaani imekimbilia huko. Ya juu yanachoka haraka ukutani, ila mara nyingi yana nafasi. Kwangu kubadili bendi kulinitoa Mbps 2 hadi 6 usiku, na sita inatosha kwa mikutano ya video. 5G nayo naipata, dirishani tu, nikirudi hatua tatu imepotea. Hizi 5G nyingi bado zinaegemea 4G, hivyo mnara ukielemewa upande wa 4G, alama ya 5G kwenye kioo haikuokoi sana, hasa kwenye kupandisha.

Faiba ikifika mlangoni kwangu nitahama siku hiyo hiyo, na nasema hivyo nikiwa sina chuki. Mwenye nyumba anasema mkandarasi alishapita kupima. Ni maneno ya muda mrefu. Mpaka hapo nitaendelea kulipia, kwa sababu hata ikiwa inafanya kazi vizuri nusu ya siku, nusu hiyo inalisha ofisi. Nyota nne kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa alasiri, nyota moja kuanzia jua kuzama. Anayefikiria kununua aazime ruta ya mtu wa mtandao huo, aiwashe chumbani kwake saa tatu usiku, siku ya kazi, apime mwenyewe. Matokeo ya saa nne asubuhi ambayo muuzaji atakuonyesha dukani hayana kazi.

Jirani wa ghorofa ya juu ameniona nikihangaika dirishani, akauliza kama naye anunue ruta ya kampuni yangu. Nimemshauri achukue ya mtandao mwingine. Sababu ni mbili, na nimempa moja tu: kwamba huduma kwa wateja yao ni mbovu. Ya pili ni kwamba tungekuwa upande mmoja wa mnara mmoja, na ana watoto wanne na runinga ya 4K.