Mvuvi wa shaba Bagamoyo: uzoefu wangu, tangu arubuni hadi nta

Nina nyumba ndogo ya wageni Bagamoyo, vyumba sita, mita kama mia mbili kutoka ufukweni. Mbele ya geti palikuwa na mnazi, chonga, wale mende wenye pembe, wakautafuna mpaka ukakatwa. Pakabaki uwazi unaokera macho, nikaingiwa na wazo la kuweka sanamu ya mvuvi amebeba begani dema, mtego wa samaki wa fito. Ya mti sikuitaka, mchwa wa kwetu nawajua. Za saruji nimeona nyingi zimepasuka, nondo zimechungulia nje. Kilichonipeleka kwenye bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na madini mengine, ni sanamu ya yule Askari wa Dar, pale Samora inapokutana na Azikiwe. Yupo tangu 1927, hewa ya bandari inampiga usiku na mchana, na hajaondoka lindoni.

Mama aliposikia alitoa sharti moja: isiwe sura ya mtu tunayemjua. Kwake masanamu ya watu ni jambo la kukaa nalo mbali, na alikubali shingo upande kwa kuwa ni bustanini, si ndani ya nyumba. Ndiyo maana mvuvi wangu ameinamisha kichwa, kofia ya ukindu imemshuka hadi puani. Wageni hudhani ni ufundi wa msanii.

Karakana niliyoitumia iko Nairobi. Jina siliweki, kwa sababu nina ya kuwasifu na nina ya kuwalaumu. Bei ilikuwa sawa na Noah nzuri ya mkono wa pili: nusu arubuni, robo kazi ikifika kwenye nta, robo siku ya kukabidhiwa. Mgawanyo huo naupendekeza kwa mtu yeyote, maana unakupa sauti katikati ya kazi. Waliahidi miezi mitano. Ilikuwa tisa.

Wengi wanadhani sanamu ya shaba huchongwa. Haichongwi, husubiwa, yaani madini ya moto humiminwa kwenye kalibu, umbo tupu la kuyapokea. Msanii hufinyanga kwanza kwa udongo, kisha udongo huo hutengenezewa kalibu ya mpira. Ndani ya kalibu hupakwa nta, unene kama milimita tano, na hiyo nta ndiyo sanamu yenyewe kabla haijawa madini. Huchovywa kwenye uji mzito wa mchanga laini, ikauke, ichovywe tena, mara nyingi, mpaka ipate gamba gumu. Gamba likiingia motoni nta inayeyuka na kutoka, na mahali pake humiminwa madini ya moto wa zaidi ya nyuzi 1,100. Yangu ilitoka vipande vipande vikaungwa kwa kuchomelewa, na leo sioni viungo hata nikitafuta.

Nilisafiri mara moja tu, siku ya nta. Kama una nauli ya safari moja, iweke hapo. Picha za WhatsApp zilikuwa zinapendeza, lakini nilipofika nikakuta mlango wa dema umejitokeza nje kama tarumbeta. Nikawaambia, jamani, mlango wa dema huingia ndani. Ndio ujanja wake wote, samaki aingie asijue pa kutokea. Yule kijana wa nta alicheka, akapasha kisu moto, na kufikia alasiri alikuwa ameufanya upya. Kosa hilohilo likigunduliwa kwenye madini ni msumeno, kuchomelea na bili nyingine.

Dema hilo ndilo lililotuchelewesha. Fito zake ni nyembamba, na mara ya kwanza madini yaliganda kabla ya kufika mwisho, likatoka lina mapengo kama mdomo wa babu. Walilisubu tena, wakaongeza mirija ya kupitishia madini na ya kutolea hewa, na hawakunidai senti. Hapo nawavulia kofia.

Rangi nilichagua kahawia ya buni iliyokaangwa. Si rangi ya kopo. Fundi huipasha sanamu kwa moto wa gesi huku akipaka dawa kwa brashi, madini yenyewe yakabadilika sura, kisha hufunga kwa nta. Ilifika kwetu kupitia Namanga, kilo 68, imefungwa magodoro kama bibi harusi.

Sasa malalamiko. Hakuna aliyeniambia habari ya bahari. Nilipewa karatasi moja inayosema nipake nta mara moja kwa mwaka. Labda hiyo inatosha kwa bustani ya Nairobi. Hapa, kusi ikianza kuvuma, hata bawaba za milango zinalia. Mwaka wa kwanza haujaisha yakatokea madoa ya kijani mpauko kwenye mikunjo ya shuka ya mvuvi, unga unga, ukiufuta unarudi. Hiyo ni chumvi imeingia kwenye shaba na inaendelea kuila. Si ile kijani ngumu, laini ya kushika, ya sanamu za zamani, ambayo haina shida.

Kubwa zaidi ni mguu wa kushoto. Sanamu ni tupu ndani, na maji huingia hata kwa ufa usioonekana. Lazima kuwe na tundu chini ya nyayo la kuyatoa. Wao walisahau. Masika ya pili nikaona michirizi ya kijani inatoka kifundoni na kulipaka zege. Fundi wao alikuja kutoboa. Kazi bure, nauli yangu. Maji yaliyotoka yalijaza kopo la lita moja, na mjusi mmoja.

La tatu ni letu wenyewe. Mtunza bustani wangu, kwa mapenzi tu, alichukua dawa ya kung'arishia shaba akasugua magoti yote mawili usiku wa kuamkia Idi. Asubuhi yaling'aa kama sinia za shughuli. Rangi iliyoondoka pale ilibidi ipashwe moto na kupakwa upya.

Siku hizi tunafanya hivi: kila wiki maji baridi ya bomba, kuondoa chumvi na mavi ya kunguru. Kila mwezi sabuni kidogo ya vyombo na brashi laini, kisha kukausha kwa kitambaa cha pamba. Hakuna brashi ya waya, hakuna mashine ya kuoshea magari. Nta tunapaka mara tatu kwa mwaka, na ile ya kabla ya masika hairukwi. Tunapaka saa nne asubuhi, jua likishaipasha sanamu, nta ikolee vizuri.

Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu, zizamishwe ndani ya zege. Nondo ya kawaida ikigusana na bronzi kwenye hewa ya chumvi huliwa upesi. Na zifichwe, kwa sababu ya wale wa vyuma chakavu. Mmoja alishapita getini akamtazama mvuvi wangu kwa muda mrefu, kisha akauliza, kwa heshima zote, kama anauzwa kwa kilo.