Ufadhili wa Serikali kwa Fresha wa Nairobi: Karo Inalindwa, Wiki za Kwanza Hazilindwi

Huduma tunayoipima hapa ni ile anayoiomba kila fresha, yaani mwanafunzi mpya, anayeitwa chuo kikuu cha umma nchini Kenya, kupitia tovuti ya hef.co.ke. Ndani yake mna vitu viwili ambavyo watu huviita kwa jina moja: ufadhili wa masomo, ambao haurudishwi, na mkopo wa HELB, yaani Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambao hurudishwa na riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Mfumo huu ulizinduliwa Mei 2023. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na wanafunzi wanaendelea kuutumia. Karo zenyewe zilipunguzwa mwaka 2025, kwa hiyo aliyepewa na jirani muundo wa karo wa 2024 asiutumie kupigia hesabu.

Tuseme mapema tunachokiona: kwa karo, huduma hii inafanya kazi. Kwa maisha ya mwanafunzi kati ya siku ya kuripoti na siku pesa ya matumizi inapoingia kwenye simu, haifanyi kazi ipasavyo, na mzazi asiyejua hilo mapema ndiye hupigiwa simu usiku.

Kwanza hesabu. Familia hupimwa na kuwekwa kwenye mojawapo ya bendi tano. Bendi ya 1 hupata ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya programu, mkopo asilimia 25, familia ikabaki na asilimia 5. Bendi ya 2 ni 60, 30 na 10. Ya 3 ni 50, 30 na 20. Ya 4 ni 40, 30 na 30. Ya 5 ni 30, 30 na 40. Juu ya hayo kuna mkopo wa matumizi, yaani pesa ya kula na kulala: shilingi 60,000 kwa mwaka kwa bendi ya 1, ukishuka kwa 5,000 kila bendi hadi 40,000 kwa bendi ya 5.

Chukua programu ya shilingi 200,000 kwa mwaka. Mwanafunzi wa bendi ya 3 anafadhiliwa 100,000, anakopeshwa karo 60,000, na nyumbani wanatoa 40,000, yaani 20,000 kila semista. Ongeza mkopo wa matumizi wa 50,000: deni lake kwa mwaka ni 110,000. Sasa mpige hesabu wa bendi ya 1 kwenye programu hiyo hiyo. Mkopo wa karo ni 50,000, wa matumizi 60,000, jumla ni 110,000 vilevile. Baada ya miaka minne wote wawili wana deni la 440,000 kabla ya riba. Anayetoka nyumba maskini zaidi amesaidiwa kweli kwenye karo, ila deni lake halina unafuu wowote. Jambo hili halielezwi vya kutosha, na ndiyo sababu wengi hudhani kila kilicholipwa ni zawadi. Kurudisha huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayekaidi hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi.

Kutuma ombi lenyewe si kazi ngumu. Linalovuruga ni mambo madogo, tena karibu yote hutokea kwenye saiba, yaani duka la intaneti. Mhudumu ana haraka, foleni ni ndefu, anafungua akaunti kwa barua pepe yake mwenyewe na nywila anayoikumbuka yeye tu. Miezi miwili baadaye mwanafunzi yuko Nairobi, saiba iko Kitale, na akaunti haifunguki. Barua pepe ifunguliwe kwanza, kwenye simu ya mwanafunzi mwenyewe, na nywila iandikwe kwenye daftari linalokaa nyumbani.

Laini ya simu nayo iwe imesajiliwa kwa kitambulisho cha mwanafunzi. Laini ya mama au ya kaka haifai, hata kama ndiyo anayoitumia tangu shule ya upili, kwa sababu pesa ya matumizi hutumwa kwa mkopaji mwenyewe na jina hulinganishwa. Ndiyo maana mtu akitimiza miaka 18 aende kutafuta kitambulisho mara moja badala ya kungoja barua ya chuo. Asiyefika umri huo hutumia cheti cha kuzaliwa, na njia yake ina mizunguko zaidi.

Majina ni tatizo la tatu. Cheti cha KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kinasema majina matatu, kitambulisho kinasema mawili, cheti cha kuzaliwa kimeandika herufi moja tofauti. Kabla ya kujaza fomu, weka karatasi zote mezani uzisome kwa kidole. Utahitaji namba ya mtihani wa KCSE na mwaka wake, namba ya KCPE (mtihani wa mwisho wa shule ya msingi), vitambulisho vya wazazi, cheti cha kifo kama mzazi amefariki, barua ya mfadhili kama karo ya sekondari ililipwa na shirika, picha ndogo, na vitambulisho vya wadhamini wa mkopo. Cheti cha kifo ndicho husumbua zaidi, kwa sababu familia nyingi zina kibali cha mazishi tu na hazikuwahi kukifuatilia cheti chenyewe. Asiyekuwa nacho aanze kukitafuta matokeo ya KCSE yakitoka.

Sehemu inayouliza hali ya nyumbani ndiyo inayoamua bendi. Kipimo huangalia mapato na historia ya wazazi, ukubwa wa familia, ulemavu, eneo analotoka mtu, aina ya kozi, shule alizosoma na karo iliyolipwa huko. Kosa la kawaida ni kuiharakisha. Mwanafunzi aliyesoma shule ya kibinafsi kwa hisani ya kanisa, kisha asiambatanishe barua ya kanisa, huonekana mtoto wa wenye uwezo. Ndugu wengine wanaosoma wakiachwa nje, familia huonekana ndogo na nyepesi. Aliyepangwa bendi isiyomfaa anaweza kukata rufaa kupitia tovuti hiyo hiyo, na rufaa inayosikilizwa ni ile yenye hati: barua ya kufutwa kazi, ripoti ya hospitali, cheti cha kifo. Malalamiko matupu hayabadilishi bendi. Tovuti yenyewe, kwa haki, inasomeka hata kwenye simu ya bei nafuu, na anayekwama anaweza kwenda dawati la HELB kwenye Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, ya kaunti yake bila kusafiri hadi Anniversary Towers, zilipo ofisi za HELB Nairobi.

Kabla ya kutoka, hakikisha ombi la ufadhili na la mkopo yote yameingia. Kuna wanaorudi nyumbani wameomba moja.

Sasa tufike Nairobi, maana hapa ndipo huduma inapopwaya.

Pesa ya ufadhili na mkopo wa karo huenda moja kwa moja kwa chuo. Chuo lazima kithibitishe kwamba mwanafunzi ameripoti na amesajiliwa, kisha ndipo malipo yasogee. Hii ina maana kwamba anayechelewa kusajili yuniti zake, yaani masomo ya semista, kwenye tovuti ya chuo anajichelewesha kulipiwa. Wapo wanaohudhuria darasa mwezi mzima wakidhani kuhudhuria ndiko kusajiliwa. Wakati wa mitihani ukifika, kadi ya mtihani haitoki. Wiki ya kwanza, kabla ya kutalii Uhuru Park, sajili yuniti, chapisha karatasi ya uthibitisho, na uone kama jina lako liko kwenye orodha ya kila mhadhiri.

Mchango wa familia haungojei ufadhili. Zile 20,000 za semista katika mfano wetu huhitajika chuo kikifunguliwa, pamoja na ada ndogondogo ambazo muundo wa karo wa chuo huziorodhesha pembeni: kitambulisho cha chuo, chama cha wanafunzi, matibabu. Soma ukurasa wote wa muundo huo, hadi mistari ya chini.

Pesa ya matumizi huja kwa awamu, nusu kila semista. Wa bendi ya 3 hupata 25,000. Semista ya wiki 15 ina siku 105, kwa hiyo ni kama shilingi 238 kwa siku, kula, kulala, nauli na fotokopi ndani yake. Na haiingii siku ya kuripoti. Hakuna anayeweza kukuahidi tarehe, na anayeahidi asiaminiwe. Ushauri wetu kwa mzazi ni kumwekea mtoto pesa ya chakula ya wiki sita nzima, hata kama ni kidogo, na kuichukulia ya HELB kama ya kufidia baadaye.

Malazi ndiyo yanayomaliza pesa hizo. Chumba cha hosteli za chuo ni nafuu mno ukilinganisha na cha nje, lakini vitanda ni vichache na huombwa mtandaoni, wa kwanza ndiye apatae. Tarehe ya kufunguliwa kwa maombi iulizwe mapema kwa waliotangulia, na ada ya chumba iwe tayari kwenye simu, kwani nafasi isiyolipiwa hurudishwa kwa wengine. Anayekosa hukimbilia Ngara na Pangani akiwa chuo cha mjini, Kahawa Wendani akiwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, au Gachororo akiwa JKUAT kule Juja. Chukua chumba cha 6,000 kwa mwezi: miezi minne ni 24,000, na amana ya mwezi mmoja inafanya 30,000. Mkopo wa matumizi wa semista umekwisha na hajanunua hata sufuria. Kwa hiyo wawili kwa chumba si anasa ya urafiki, ni hesabu tu. Andikeni nani analipa nini, na risiti ya amana iwe na majina yote mawili, la sivyo mmoja akihama mwenye nyumba humrudishia anayemjua.

Halafu angalia kampasi. Barua ya Chuo Kikuu cha Nairobi haimaanishi utasomea karibu na University Way, katikati ya jiji. Wa elimu huenda Kikuyu, wa kilimo na tiba ya mifugo huenda Upper Kabete. Aliyekodi Ngara kwa kusikia neno Nairobi atalipa matatu kila asubuhi na jioni, na zile 238 zinaisha njiani.

Vifaa havimo kwenye ufadhili wala mkopo wa karo. Godoro la futi 3 kwa 6 hutosha kitanda cha kawaida, ila uliza kwanza kama hosteli ina magodoro. Blanketi na shuka nunua Gikomba, sufuria na sahani Kamukunji, usinunue madukani karibu na geti la chuo wiki ya kuripoti kwani huko bei zimepanda kwa ajili yako. Hosteli za chuo kwa kawaida hukataza kupika chumbani, na koili, yaani jiko la umeme, ikikamatwa huchukuliwa. Aliye nje aitazame koili kwa jicho la tokeni, yaani umeme wa kulipia kabla: ya kilowati moja hula yuniti moja ya umeme kwa saa, na maharagwe hayaivi kwa saa moja. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ni ghali siku ya kuununua, lakini wawili wakichangia, hulipa kabla ya mwaka kwisha. Mchana mesi ya chuo ndiyo rahisi zaidi. Chapo madondo za kibandani ni za siku ambayo mesi ina foleni isiyoisha.

Intaneti ya bando haina haja ikiwa chuo kina eduroam, yaani Wi-Fi ya pamoja ya vyuo. Fungua akaunti ya barua pepe ya chuo wiki ya kwanza, weka mipangilio kwenye simu, na mtandao huo hukufuata hata ukiingia kampasi ya chuo kingine chenye huduma hiyo. Kompyuta ya mkononi inaweza kungoja semista ya pili kwa kozi nyingi, maana maktaba ina za kutumia. Wa uhandisi wa programu na usanifu wa majengo hawana bahati hiyo.

Jambo lingine ambalo ufadhili haulipii ni kurudia. Katika vyuo vingi vya umma, majaribio ya darasani hubeba alama 30 na mtihani 70, na alama ya kupita ni 40. Anayekosa majaribio kwa sababu alikuwa akifuatilia pesa ofisini anaingia mtihanini akiwa na sifuri kwenye 30. Mtihani wa kurudia hulipiwa mfukoni.

Ukilinganisha na njia nyingine: basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, au ya kaunti ni ya kujaza pengo la mchango wa familia, si ya kuanzia. Hundi huandikwa kwa jina la chuo, fomu hutaka sahihi ya chifu, nakala ya barua ya kujiunga na muundo wa karo, na inaweza kufika semista imeisha. Iombwe hata hivyo, kwa sababu salio huhamia semista inayofuata. Ufadhili kamili wa mashirika, kama ule wa Mastercard Foundation pale chuo kikuu cha USIU-Africa, uko daraja lingine kabisa kwa kuwa hulipia pia malazi na matumizi, lakini nafasi ni chache na ushindani mkali. Aliyechagua chuo cha kibinafsi kwa kupangwa na KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, ajue kwamba serikali humpa mkopo tu, ufadhili hapati.

Kwa alama: karo tunaipa 8 kwa 10, tovuti 7, uwazi kuhusu deni 4, na wakati wa pesa ya matumizi 3. Tungeongeza alama nyingi kama nusu tu ya awamu ya kwanza ingetumwa kabla ya wiki ya kuripoti.

Mkopo huombwa upya kila mwaka. Haujirudii wenyewe kwa sababu ulipata wa kwanza. Mwanafunzi aingie kwenye akaunti yake akiwa bado kampasini mwishoni mwa semista ya pili, kabla ya kurudi mashambani ambako mtandao ni wa kupanda kilima, atume ombi la mwaka wa pili, na apige picha ya ukurasa unaoonyesha limepokelewa.