Viatu vya mbio vya mitumba pale Owino: vinamfaa anayetoka kwenye jeraha?

Kiatu kipya cha mbio, orijino, dukani Kampala kinapita shilingi laki nne za Uganda bila shida. Ndiyo maana mkimbiaji aliyekaa miezi kadhaa akiuguza kano la kisigino au goti, na hela yake ikaishia kwa mtaalamu wa fiziotherapia, mara nyingi huteremka Owino, lile soko la Mtakatifu Balikuddembe lililo jirani na uwanja wa Nakivubo. Asics, Brooks, Saucony, Hoka na Nike zimepangwa humo kwa mafungu, zimeoshwa zikang'aa, kwa bei ambayo dukani hata soksi na fulana vingeimaliza. Vingi ni viatu halisi, na hilo lisemwe mapema: mtumba orijino, hata ukiwa umechoka kidogo, ni bora kuliko kiatu kipya cha feki chenye nembo ileile na soli ngumu kama ubao.

Lakini kuwa orijino hakutoshi kwa mtu anayetaka kurudi na kukimbia nusu marathoni. Mtumba unafaa kwa wiki za mwanzo za kurudi. Kwa siku ya mbio unafaa mara chache, na sababu yake ni hesabu.

Kiatu cha kawaida cha mazoezi hukisiwa kudumu kilomita 500 hadi 800, kutegemea uzito wa mkimbiaji, barabara na aina ya sponji iliyo ndani ya soli. Cha mitumba kimeshatumia sehemu ya hizo, na hakuna wa kukuambia ni ngapi. Tuseme kimebakiza 300, na hapo tumekihurumia. Sasa chukua ratiba ya wiki kumi ya mtu anayerudi: wiki ya kwanza kilomita 12 za kutembea na kukimbia kwa zamu, kisha 15, 18, 22, 25, 30, 34, wiki ya nane 38, halafu unashuka hadi 28 na 15. Jumla ni 237. Ukinunua jozi moja na kuitumia tangu siku ya kwanza, asubuhi ya mbio za MTN za Kampala unasimama pale Kololo zinapoanzia, na kiatu ambacho kimebakiza pumzi za mwisho, siku ambayo mguu uliopona juzi unadaiwa hatua zaidi ya elfu ishirini. Jozi hiyohiyo ingekuwa sahihi kabisa wiki ya kwanza hadi ya tano, wakati mbio ni fupi na vipumziko ni vingi.

Kwa hiyo anayenunua mitumba anunue akijua atahitaji jozi mbili. Ya pili iingie wiki ya tano, iwe mpya au mtumba ambao kweli umevaliwa kidogo. Mitumba ya namna hiyo ipo. Kuitambua ndiyo kazi, na muuzaji hatakusaidia.

Mtazame anavyouza. Anashika kiatu, anakikunja katikati mpaka ncha inagusa kisigino, anakiachia kinafunguka: "Bosi, ona kilivyo laini! Orijino!" Kwa mnunuzi wa kiatu cha kutembelea hiyo ni sifa. Kwa mkimbiaji ni dalili ya kukirudisha fungu lake. Kiatu cha mbio kilicho hai hukunjika pale vidole vinapoanzia, na kinapofika katikati ya unyayo kinagoma. Kinachojikunja katikati kama chapati kimekufa, na ukikivaa, upinde wa mguu ndio utakaofanya kazi iliyoachwa na soli.

Baada ya hapo toa soli ya ndani, ile inayochomoka. Ikiwa alama ya kisigino na vidole imezama sana, au kitambaa kimetoboka, mwenzako amekifaidi. Kisha bonyeza kwa kidole gumba sponji ya soli kutokea upande wa ndani ya kiatu, kwenye kisigino na tena pale panapokaa kifundo cha kidole gumba cha mguu. Inapaswa kubonyea kidogo na kurudi. Ikiwa ngumu kama mpira wa tairi imezeeka, hata kama soli ya chini bado ina meno yote. Hapa ndipo wengi wanapoibiwa na macho yao wenyewe: wanageuza kiatu, wanaona mpira wa chini haujaisha, wanalipa. Sponji hufa kabla ya mpira, tena hufa hata kwa kukaa tu stoo. Tazama ubavuni: mikunjo midogo ya mlalo iliyobaki hata kiatu kikiwa hakina mzigo inaonyesha sponji iliyobanwa ikashindwa kurudi.

Weka jozi juu ya kitu kilichonyooka, meza au boksi la mbao, uinamie uitazame kwa nyuma usawa wa visigino. Vyote viwili visimame wima. Kimoja kikiegemea ndani au nje, kimeshachukua mwendo wa mtu mwingine, na mwendo huo utauvaa wewe. Kulika kidogo upande wa nje wa kisigino ni kawaida. Kulika upande mmoja wa jozi kuliko mwingine si kawaida. Linganisha pia lebo za ndani ya ulimi, kushoto na kulia, kwa sababu jozi zenye namba mbili tofauti huingia sokoni, nusu saizi ukubwani, na mkononi hutaziona.

Halafu kuna ufundi wa urembo. Soli iliyopakwa rangi nyeupe hung'aa kupita kitambaa. Ikwangue kwa ukucha mahali pa siri. Harufu kali ya gundi maana yake soli ilibanduka ikabandikwa, na gundi ya kukaukia papo hapo huacha ukingo mgumu unaopasuka tena ukipigwa na maji. Kibaya zaidi ni soli iliyoshonwa kwa uzi mnene wa nailoni kuizunguka. Fundi ameifanya kwa nia njema, kiatu kisiachane, lakini uzi umeibana sponji na kuizuia isibonyee. Kwa kiatu cha shule, sawa. Kwa kilomita 16 za Jumapili, hapana. Wala usimpelekee fundi kiatu chako cha mbio akushonee soli. Akushonee kitambaa kilichochanika, inatosha.

Jeraha lako nalo lina la kusema kuhusu modeli. Kipimo cha kwanza ni tofauti ya kimo kati ya kisigino na vidole. Brooks Ghost, hadi toleo la 16, ina milimita 12. Nike Pegasus ina 10. Hoka Clifton, hadi ile ya 9, ina 5. Altra nyingi ni sifuri. Kisigino kikiwa juu, kano la kisigino na kigimbi vinapunguziwa mzigo, na goti linaongezewa. Kikiwa chini, mambo yanageuka. Aliyeumia kano atafute 10 au 12 na aziache Altra hata akipewa bure, walau mpaka aweze kunyanyuka kwa ncha ya mguu mmoja mara 20 hadi 25 bila maumivu. Aliyeumia goti anaweza kushuka hadi 5 au 8, lakini taratibu. Kama kiatu chako cha zamani kilikuwa cha 10, kuhamia cha 4 kwa wiki moja ni kujitafutia kigimbi kilichokaza kama kamba. Kampala inaongeza chumvi: mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na barabara zake hupanda na kushuka vilima. Kupanda kunalivuta kano, kuteremka kunayapiga magoti, na siku ya mbio utakutana na vyote viwili.

Viatu vyenye kibao cha kaboni ndani ya soli navyo vimeanza kuonekana kwenye mafungu, na bei yake hupanda mara tu muuzaji anapogundua amekamata nini. Hamu inaeleweka. Mganda Jacob Kiplimo alikimbia nusu marathoni kwa dakika 57 na sekunde 31 kule Lisbon mwaka 2021, rekodi ya dunia wakati huo, na kila kijana wa mbio za barabarani anataka kiatu cha aina ile. Kwa anayetoka kwenye jeraha, viache. Sponji yake ni nyepesi na hufa haraka, soli imenyanyuka juu na haitulii kwenye mashimo na matuta, na madaktari wa michezo wameshaeleza visa vya mifupa ya unyayo kuumia kwa wakimbiaji waliovihamia ghafla. Mtumba wa kaboni ni hasara mara mbili: umelipia kasi iliyokwisha, umebakiwa na ugumu.

Saizi usiikisie. Nenda alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo kama itakavyokuwa kilomita ya 15, na ubebe soksi unazokimbilia. Soma lebo kwa sentimita, si kwa namba za Uingereza au Marekani zinazochanganya. Mguu wenye urefu wa 26.5 uchukue kiatu kilichoandikwa 27 au 27.5. Hakikisha kwa kuisimamia ile soli ya ndani uliyoitoa: mbele ya kidole kirefu ibaki kama sentimita moja. Kisigino kikiteleza huku vidole viko huru, usikimbilie saizi ndogo. Pitisha kamba kwenye tundu la mwisho la juu kila upande, utengeneze kitanzi, upitishe kamba ya upande wa pili ndani yake ndipo ufunge.

Nyumbani osha kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, jaza magazeti, anika kivulini penye upepo. Juu ya bati saa saba mchana kitakauka haraka, kweli, lakini joto lile linaikomaza sponji na kulegeza gundi. Soli ya ndani tupa, weka nyingine, na poda ya fangasi kutoka duka la dawa si aibu.

Kisha kiatu kijaribiwe kama unavyojaribu mguu. Siku ya kwanza tembea nusu saa. Siku inayofuata ya mazoezi, dakika 20: nne za kukimbia, moja ya kutembea. Maumivu yasizidi 3 kati ya 10 wakati unakimbia, na asubuhi, hatua za kwanza kutoka kitandani, yawe yamerudi pale yalipokuwa jana. Yakizidi, tatizo ni kiatu au umbali, na hutajua ni kipi kama ulivibadilisha vyote wiki moja. Wiki ya kuingiza kiatu kipya, kilomita zisiongezeke, hata kama ratiba inasema ziongezeke. Kitakachokimbia mbio kiwe kimeshafika kilomita 50 au 60 mguuni mwako, ikiwamo mbio moja ndefu ya 14 hadi 16, tena walau mara moja kwenye mvua: mbio za MTN za Kampala kwa kawaida huangukia Novemba, msimu wa mvua, na soli iliyolika kisigino huteleza kwenye lami iliyolowa hasa unapoteremka.

Bei haina mengi. Jozi ya mazoezi iliyo hai hupatikana kati ya elfu sitini na laki moja na nusu, na inayotajwa kwanza hutegemea ulivyovaa na ulivyoonyesha hamu. Kamwe usitaje modeli unayoitafuta. Shika kingine, uliza bei yake, kisha ukiguse unachokitaka kama kwa bahati. Anayefika magunia yanapofunguliwa asubuhi hupata vizuri zaidi, ila saa hizo mguu bado mdogo, kwa hiyo aipime saizi kwa sentimita na si kwa kuhisi tu.

Mwenye historia ya ufa kwenye mfupa wa muundi au wa unyayo asije hapa kabisa kutafuta kiatu cha mbio. Kwake sponji isiyojulikana umri ni hatari isiyolipiwa na akiba ya laki tatu. Kipya cha kawaida cha toleo la mwaka uliopita, kikishushwa bei dukani, ndicho chake. Wengine wote, kabla ya kutoa hela, patana na muuzaji juu ya kubadilisha. Kurudishiwa pesa hakupo, lakini wengi hukubali ubadilishe siku hiyohiyo kabla ya kufunga, mradi soli haijagusa tope. Muda huo unatosha kukimbia kidogo juu ya saruji, ukapime tena kama vyote viwili vinasimama wima.