Vitabu vya Falaki, Majini na Uchawi: Vipi Vinamfaa Msomaji wa Mombasa?

Mtu anayetafuta vitabu vya elimu za siri mjini Mombasa hukuta bidhaa za aina mbili ambazo hazikai pamoja. Katika maduka ya vitabu vya dini ya Mji wa Kale na mitaa ya jirani, mna vitabu vya Kiarabu vya falaki (elimu ya nyota), awfaki (miraba ya hesabu) na tiba ya majini, vingi vikiwa chapa za Beirut na Cairo, pamoja na vijitabu vyembamba vya Kiswahili vinavyotaja nyota na dawa zake. Kwa wauzaji wa vitabu vya Kiingereza, hasa vya mitumba, mna vitabu vya Kimagharibi vinavyozungumzia mizimu, tarot (karata za kubashiria) na nguvu za akili. Ninawaandikia wale waliolelewa Pwani wakisikia habari za kombe (maandishi ya dini yanayooshwa kwa maji na kunywewa), hirizi, ramli na pepo, na ambao sasa wanataka kuyaelewa mambo hayo kwa kusoma. Kipimo changu ni kimoja: kitabu kinachofaa kununuliwa ni kile kinachokuonyesha elimu hii imetoka wapi, aliyeiandika ni nani, na wanaoitumia wanaifanyaje kazi, na kile kinachokuahidi mali, mapenzi au maangamizi ya adui hakistahili fedha zako, hata kikiwa na jalada zuri kiasi gani.

Kitabu ninachokipendekeza kabla ya vyote ni Desturi za Waswahili, kilichochapishwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903 kwa uhariri wa Carl Velten. Sehemu yake kubwa iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa upande wa Bagamoyo ambaye mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, akaishi huko na kufariki huko mwaka 1927. Ubora wake mkubwa ni kwamba kimeandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyeyajua mambo ya mji wake kwa ndani. Anapofika kwenye maradhi ya pepo, anasimulia hatua kwa hatua jinsi mgonjwa anavyotafutiwa sababu ya ugonjwa wake, jinsi mganga anavyoitwa, na jinsi ngoma ya kupunga inavyoandaliwa kulingana na pepo mwenyewe, kwa sababu kinyamkera hatibiwi kama dungumaro. Anaeleza bila kuuza na bila kudhihaki. Mara nyingi hakuambii kama unapaswa kuamini. Anakuambia watu hufanya nini, husema nini, hulipa nini, kisha anaendelea na safari yake. Sijui kitabu kingine cha Kiswahili kinachoyaweka mambo haya mahali yanapostahili, yaani katikati ya maisha, baina ya kuzaliwa, kuoa, kulima na kufa, badala ya kuyatenga kana kwamba ni dunia nyingine.

Kasoro zake zipo na ni haki zitajwe. Kitabu hiki kinahusu zaidi Mrima, yaani pwani ya bara inayoelekea Unguja, kuliko Mvita, kwa hiyo msomaji wa Mombasa atakuta majina na taratibu ambazo wazee wake walizifanya kwa namna nyingine. Aidha, kiliandikwa kwa kuombwa na Mjerumani, wakati Wajerumani wakitawala nchi hiyo, na yapo mambo ambayo mwandishi wa Kiswahili hangemfungulia mgeni. Hata hivyo, nimekirudia mara nyingi na kila mara nimepata jambo jipya. Chapa ya 1903 hailindwi tena na haki za mwandishi na nakala zake zimewekwa mtandaoni. Anayeitafuta akumbuke kuandika jina kwa tahajia ya zamani, Desturi za Wasuaheli. Anayependa maelezo ya pembeni atafute tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyotolewa na University of California Press mwaka 1981.

Sasa nije kwenye kitabu ambacho vijana wengi hukiulizia kwa sauti ya chini: Shamsul Maarif, kinachonasibishwa na Ahmad al-Buni, mwanachuoni aliyetoka Buna, mji unaoitwa Annaba leo katika Algeria, na ambaye inasemekana alifariki Cairo mnamo 1225. Nimeona watu wakikisifu kama hazina na wengine wakikiogopa hata kukigusa, na nadhani pande zote mbili zinakipa uzito ambao haujapimwa. Chapa ndefu inayouzwa madukani, ile inayoitwa al-Kubra, si kitabu kilekile alichokiandika al-Buni. Utafiti wa Noah Gardiner, uliochapishwa mwaka 2012, ulifuatilia miswada ya kale na kuonyesha kwamba toleo hilo refu ni mkusanyo wa baadaye sana, unaoonekana kuundwa takriban karne ya 17. Kwa maneno mengine, anayekinunua akidhani anapata siri za karne ya 13 kutoka mkononi mwa mwenyewe, ananunua kazi ya wakusanyaji wasiojulikana waliojificha nyuma ya jina kubwa.

Pamoja na hayo, kitabu hiki kina thamani kwa anayetaka kuelewa yaliyomo ndani ya hirizi. Msingi wake ni kwamba kila herufi ya Kiarabu ina hesabu yake, kuanzia alifu ambayo ni 1 hadi ghaini ambayo ni 1000, na kwamba hesabu hizo zinaweza kupangwa katika nyumba za mraba. Mraba mdogo kuliko yote una nyumba tisa: safu ya juu ni 4, 9, 2, ya kati ni 3, 5, 7, ya chini ni 8, 1, 6. Ukijumlisha kwa ulalo, kwa wima au kwa mshazari, jibu daima ni 15. Katika pembe zake nne mna 2, 4, 6 na 8, ambazo kwa herufi ni ba, dali, wau na ha, na hapo ndipo linapotoka neno buduh linaloonekana katika talasimu nyingi, yaani michoro na maandishi ya kinga. Msomaji akishafahamu hilo, karatasi iliyokunjwa ndani ya ngozi haimtishi tena kama ilivyomtisha, kwa sababu anaona hesabu mahali ambapo awali aliona giza.

Hesabu hizohizo ndizo zinazoweza kumsaidia mnunuzi kupima ubora wa chapa. Fungua ukurasa wowote wenye mraba, ujumlishe safu zake. Zisipolingana, mpiga chapa amekosea, na mraba huo haufai hata kwa wale wanaouamini. Pia angalia kama pana jina la mhariri na maelezo ya mswada uliotumika. Mara nyingi hutayaona. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba Shamsul Maarif kisiwe kitabu cha mwanzo, na asiyesoma Kiarabu vizuri asishawishike na tafsiri zisizo na jina la mfasiri.

Vijitabu vya falaki, ambavyo wengi huviita vitabu vya Abu Maashar, ni jambo lingine, na hapa ninaomba nifafanue kwa urefu kidogo kwa sababu ndivyo vinavyotumika zaidi. Abu Maashar mwenyewe alikuwa mnajimu mkubwa kutoka Balkh aliyefanya kazi Baghdad, aliyeishi baina ya 787 na 886, na vitabu vyake vya kweli vinahusu mwendo wa sayari. Vijitabu vinavyobeba jina lake madukani vinafanya jambo tofauti kabisa. Vinachukua jina la mtu na jina la mama yake, vinazigeuza herufi kuwa hesabu, vinagawa kwa 12, na baki ndiyo inayotaja nyota. Tuchukue Ali mwana wa Maryam: Ali ni 70, 30 na 10, jumla 110, Maryam ni 40, 200, 10 na 40, jumla 290, zote pamoja ni 400, na ukigawa kwa 12 hubaki 4. Ukihesabu kutoka Hamali, Thauri na Jauza, ya nne ni Saratani, na kuanzia hapo kijitabu kitamwambia Ali maradhi yake, siku zake nzuri na mke anayemfaa.

Katika kazi yote hiyo, hakuna aliyetazama mbingu wala kuuliza Ali alizaliwa lini. Kaka wawili wa mama mmoja hupewa nyota tofauti kwa sababu ya majina yao tu, na mtu akibadilisha jina nyota yake huhama. Sisemi hivi ili kuwakejeli waalimu wanaowaangalilia watu vitabu, kwani wengi wao ni watu wa heshima wanaowasikiliza wenye dhiki ambao hawana pengine pa kwenda. Nasema kwa sababu mnunuzi ana haki ya kujua anachokinunua. Kama hamu yake ni unajimu wa Waarabu wa kale, vijitabu hivi havitamtosheleza. Kama hamu yake ni kufahamu mwalimu wa mtaani kwake anafanya nini anapoandika herufi na kuhesabu, basi kijitabu kimoja cha bei ndogo kinatosha.

Kwa msomaji Mwislamu anayeona wasiwasi kuingia katika mada hii, ninapendekeza sura zinazohusu sihiri, talasimu, elimu ya herufi na unajimu katika Mukadima, kitabu cha mwanahistoria Ibn Khaldun wa Tunis, kilichoandikwa mwaka 1377. Ibn Khaldun anamtaja al-Buni kwa jina, anakubali kwamba sihiri ipo, anaonyesha kwa nini sharia imeikataza, kisha anaubomoa unajimu kwa hoja na si kwa laana. Msimamo huo unaafikiana na aya ya 102 ya Sura ya Bakara, inayowataja Haruti na Maruti wa Babeli na watu waliojifunza yale yanayomtenga mume na mkewe. Mombasa yenyewe ina historia ya mjadala huu: Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki mwaka 1947, alitumia magazeti yake katika miaka ya 1930 kupinga aliyoyaona kuwa ni bidaa na ushirikina. Tafsiri ya Kiingereza ya Mukadima ya Franz Rosenthal, ya mwaka 1958, ina juzuu tatu na ni ghali. Kuisomea maktabani ni afadhali.

Baada ya hapo, mwenye uwezo wa Kiingereza ana bahati, kwa kuwa wataalamu wa mila wameandika vizuri kuhusu bahari hii yetu. Bora kuliko vyote kwangu ni Knowledge and Practice in Mayotte cha Michael Lambek, cha mwaka 1993. Katika kisiwa hicho cha funguvisiwa la Komoro, Lambek alikuta elimu tatu zikiishi pamoja: ya mafakihi, ya dunia yenye nyota na sihiri, na ya pepo. Anatuonyesha wenye elimu hizo kama watu kamili, wenye mashaka na dhamira, wanaobishana wao kwa wao na wakati mwingine hata nafsini mwao. Ukikisoma ukiwa Mombasa utawatambua wote. Kitabu cha Kjersti Larsen cha mwaka 2008, Where Humans and Spirits Meet, kinahusu mji wa Unguja na kinaeleza kwamba pepo nao wana makabila, kuanzia ruhani wa Kiarabu hadi kibuki wa Bukini (Madagaska) na rubamba wa Pemba. Ni kizuri, ingawa lugha yake ni nzito. Janet McIntosh, katika The Edge of Islam cha 2009, anaandika kuhusu Malindi na Wagiriama wanaoingiwa na pepo wa Kiislamu, na kinagusa mahali panapouma katika uhusiano wa Waswahili na jirani zao. Kwa wanaokumbuka hofu ya Popobawa, pepo aliyesemekana kuwavamia watu usiku, iliyoikumba Pemba na Unguja mwaka 1995, Katrina Daly Thompson ana kitabu cha 2017 kinachofuatilia maneno ya watu wenyewe badala ya chumvi ya magazeti ya ng'ambo.

Vya Kimagharibi nitavipitia upesi. Vile vya Blavatsky na Eliphas Lévi, waandishi wa elimu za siri wa karne ya 19, ni virefu na vinadai ukale ambao hauthibitiki, na msomaji anayeanza atachoka kabla hajafaidika. Kinachofaa ni Grimoires cha Owen Davies, cha mwaka 2009, historia ya vitabu vya uchawi vyenyewe. Humo utakuta jinsi vitabu vya uchawi vya De Laurence, mchapishaji wa Chicago, vilivyouzwa kwa posta hadi Afrika Magharibi na Karibi, mpaka serikali ya Jamaica ikavipiga marufuku mwaka 1940.

Nimebakisha cha mwisho kwa sababu ya jambo linaloniuma. Katika kaunti za Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na sheria ya uchawi tuliyorithi kutoka mwaka 1925 haijawakinga. Kila anayesoma au kuuza vitabu vya mada hii hapa Pwani anastahili kusoma Witchcraft, Oracles and Magic among the Azande cha E. E. Evans-Pritchard, cha mwaka 1937. Anaeleza ghala la nafaka linalowaangukia watu waliokaa chini yake kutafuta kivuli. Wazande, watu wa Afrika ya Kati aliowachunguza, wanajua kabisa kwamba mchwa wamekula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini limeanguka saa ileile, juu ya watu walewale. Swali hilo ndilo linaloulizwa Ganze na Msambweni mtoto anapofariki ghafla, na mzee mwenye mvi ndiye anayegeuzwa jibu lake. Chapa iliyofupishwa ya mwaka 1976 inatosha kabisa, na ningependa kuiona katika kila maktaba ya shule ya upili kuanzia Lamu hadi Vanga.