Walinisafishia kabureta, kumbe tangi lilikuwa halipumui

Gereji hii ya boti nimeanza kwa kuipa nyota tatu kwa sababu ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na kabla sijamaliza kuandika huenda nikazipunguza.

Boti yangu ni ile ya kuvuta watu wa ski, wale wanaoteleza juu ya maji wakishika kamba, injini katikati, Ford V8 yenye kabureta ya Holley, ya mwishoni mwa miaka ya 1980. Tunaishi Texas, upande wa Dallas, na Jumamosi za joto tunashuka Ziwa Lewisville, mimi, mama watoto na binti yetu. Ni boti kuukuu lakini naitunza kuliko gari langu.

Msimu uliopita ikaanza vituko viwili. Ikishinda juani kwenye trela, kuwaka ni shida. Unapiga starta hadi betri inalegea, na ukifunua injini petroli inanuka mpaka macho yanawasha. Ikikubali kuwaka, inakwenda vizuri kama dakika 20, halafu inakosa nguvu, inakohoa, inazima. Ukingoja, ukaisumbua na starta kwa muda mrefu, inarudi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nikaipeleka gereji moja ya boti si mbali na ziwa. Nikaeleza yote mawili, taratibu, hata nikamwandikia kwenye karatasi. Jamaa wa kaunta hakuisoma. "Kabureta," akasema. Dola 640. Niseme haki, kazi ilifanyika vizuri: gasketi mpya, choki inafunga na kufunguka inavyotakiwa, injini ikiunguruma bila kwenda imetulia. Siku niliyoichukua ningewapa nyota nne bila kusita.

Jumamosi iliyofuata, au ile ya baada yake, binti yangu alikuwa amesimama kwenye ski, kamba imenyooka futi zake 75, injini ikakohoa mara mbili ikafa katikati ya ziwa. Mtoto akazama hadi mabegani, akaachia kamba. Boti bado ilikuwa inasogea kwa kasi iliyobaki, upepo nao ukaanza kututenganisha. Nikapiga starta. Nikapiga tena. Boti nyingine ilikuwa inakuja moja kwa moja upande wake, na mama yake amesimama kwenye kiti akipunga taulo jekundu na kupiga mayowe. Yule dereva alimwona, akakata kona mapema, Mungu ambariki popote alipo. Mimi mikono ilitetemeka hata ufunguo ukaniponyoka.

Nikarudi gereji. Nikamsimulia jamaa wa kaunta habari ya mtoto wangu majini. Akanijibu: "Boti za zamani ndivyo zilivyo. Labda hujui kuiwasha. Kwenu mnazo hizi?" Hilo ndilo jibu alilompa baba aliyekaribia kumpoteza mtoto.

Wakabadilisha koili na filta ya mafuta, dola 380, na kwenye risiti wakaandika kwamba imejaribiwa ziwani saa nzima. Nilipoiacha, mita ya saa za injini ilisoma 612.4. Nilipoichukua ilisoma 612.5. Hizo ni dakika 6! Wangeiendesha dakika 20 tu kwa mzigo ingewazimikia mikononi, wangejua kila kitu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa kanisani kwetu, Mkongo wa Uvira, aliyeendesha boti za injini miaka mingi Ziwa Tanganyika. Nilipomaliza kulalamika aliniuliza swali moja: "Kijana, tangi yako inapumua?" Akaeleza kwamba yale matangi ya plastiki ya injini za nyuma yana skrubu ndogo juu ya kifuniko. Ukisahau kuilegeza, injini inanyonya mafuta mpaka tangi linabonyea, kisha inazima. Kwake hilo ni somo la siku ya kwanza kazini.

Tukaenda naye ziwani. Tukaipa moto, tukangoja. Ilipozima, Mzee hakugusa injini. Alikwenda nyuma akalegeza kifuniko cha kujazia petroli, na wote tukaisikia: fyuuuu, hewa ikiingia ndani ya tangi kwa nguvu. Nikapiga starta, ikawaka.

Tulipoipandisha kwenye trela, Mzee akachomeka waya kwenye tundu la hewa la tangi, lile dogo la ubavuni karibu na nyuma, akalichokoa polepole. Likatoka donge la udongo mkavu lenye unene wa kidole kidogo. Nilipolivunja, ndani mlikuwa na buibui wakavu watatu. Dondora, yule nyigu wa udongo anayewawekea watoto wake akiba ya buibui, alikuwa amejenga humo.

Ndiyo maana vituko vilikuwa viwili. Boti ikitembea, pampu inanyonya petroli na hewa haiingii kujaza nafasi, hadi pampu inashindwa na kabureta inakauka. Boti ikikaa juani, petroli inatanuka, haina pa kutolea mvuke, inajisukuma hadi kwenye kabureta na kuilowesha. Tundu moja tu. Basi nawe ikikuzimikia hivyo, legeza kifuniko cha tangi usikilize kabla hujampa mtu hata senti. Kisha washa feni ya kutoa mvuke dakika 4 kamili na unuse kwanza kabla ya kugusa starta, maana mvuke wa petroli chini ya sakafu hulipuka.

Donge nimelitia kwenye mfuko wa plastiki nikawapelekea. Sikutaka hela zote, nilitaka zile za jaribio ambalo halikufanyika. Jamaa wa kaunta alilitazama akasema, "Hatulipwi kukagua wadudu." Fundi kijana aliyekuwa nyuma yake alilichukua, akaligeuza, akaniambia kwa sauti ya chini, "Nilipaswa kuangalia hapo. Samahani." Huyo kijana ana utu, na ndiye aliyeisafisha ile kabureta.

Hela sijarudishiwa mpaka leo. Zile nyota tatu za juu naziacha zionekane, mjue nilianza na nia gani. Hesabuni moja, na hiyo mpeni kijana.