Chaja ya betri za boti: ichomoe ukutani kabla hujailipa

Malalamiko ni yale yale Ziwa Kivu, kutoka Kituku hadi Idjwi. Betri ya 100 Ah (ampea-saa) ingali mpya, lakini taa za kuvulia samaki wadogo wa sambaza zinafifia kabla ya usiku wa manane. Mwenye boti anailaumu betri, muuzaji wa betri anailaumu mota. Chaja imening'inia ukutani na kitaa chake cha kijani, na hakuna anayeishuku.

Rangi, uzito na urefu wa waya utaviona mwenyewe dukani. Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji na wanunuzi hawaliulizi: umeme ukikatika kisha ukarudi, chaja inafanya nini? Chaja nyingi zimetengenezwa kwa watu ambao prizi yao ina umeme usiku na mchana. Hapa Goma na Bukavu delestaji, yaani mgao wa umeme, inaweza kukata mara tatu kabla betri haijafika nusu, na hapo ndipo chaja inapoonyesha tabia yake.

Ya kwanza, inalala. Umeiwasha saa kumi na mbili jioni, umeme umekatika saa moja, umerudi saa mbili, na chaja inangoja kidole kibonyeze kitufe mpaka alfajiri. Betri inakwenda ziwani ikiwa nusu, kesho nusu tena. Salfeti iliyobaki kwenye sahani za risasi inageuka fuwele ngumu, na sehemu hiyo ya betri hairudi. Baada ya muda unabaki na 100 Ah kwenye kibandiko tu.

Ya pili, inaamka lakini imesahau. Ulichagua programu ya betri ya jeli au ya lithiamu, nayo inarudi kwenye programu ya kiwandani. Betri ya jeli inataka takriban volti 14.1 hadi 14.4, ikizidishiwa inatoa mapovu ndani ambayo hayawezi kuondoka. Lithiamu ndiyo ya kuhofia zaidi: baadhi ya programu za betri za risasi zina hatua ya "kufufua" inayopanda karibu volti 16. Saketi ya ulinzi ndani ya betri itakata, na ukikuta betri imezima utadhani imekufa.

Ya tatu ni ya kichinichini. Inakumbuka programu, lakini kila umeme unaporudi inaanza mzunguko mzima upya, hata kwa betri iliyojaa. Volti 14.4 kwa saa kadhaa, halafu tena, halafu tena. Betri ya maji inachemka na kukauka, na fundi anakuambia "betri za siku hizi".

Kwa hiyo jaribio linafanyika dukani, kabla dola hazijatoka mfukoni. Omba betri yoyote ya volti 12. Unganisha, chagua programu isiyo ya kwanza, subiri ianze. Chomoa ukutani, lakini vibanio viache kwenye betri. Hesabu hadi 60. Kama skrini inaendelea kung'aa, chaja inainyonya betri wakati wa delestaji. Rudisha prizi bila kugusa kitufe: je, programu ni ile ile, na imeanza yenyewe? Muuzaji akikataa jaribio la dakika mbili, amekwisha kukujibu.

Ukubwa nao unategemea saa za umeme ulizo nazo. Umetumia nusu ya betri ya 100 Ah, yaani 50 Ah. Umeme ukikaa saa tano usiku, chaja ya ampea 5 inarudisha 25 tu. Ya ampea 15 inarudisha sehemu kubwa chini ya saa nne, kisha inabaki hatua ya mwisho ya polepole ambayo hairukwi. Betri ya maji usiizidishie asilimia 20 ya Ah zake: 100 Ah, mwisho ampea 20. Ampea 30 kwenye betri ndogo ya kuwashia mota ni kuichemsha.

Sasa mpangilio wangu, na sifichi upande wangu.

Namba moja ni Victron Blue Smart IP65 ya 12/15, yaani volti 12, ampea 15; IP ni kiwango cha kuzuia vumbi na maji. Mipangilio yake haifutiki umeme ukikatika, inaanza yenyewe, na muda wa volti ya juu inaupima kulingana na hali ya betri, kwa hiyo betri iliyojaa haichemshwi usiku kucha. Inakubali umeme dhaifu kuanzia volti 180, jambo la maana saa za jioni mtaa mzima unapopika. Kwa simu, kupitia Bluetooth, unaona volti na ampea zenyewe. Kama namba yake ya siri ni 000000, ibadilishe, la sivyo jirani atakuwekea programu yake. Ya kufungwa ndani ya boti moja kwa moja chukua IP67, 12/17 au 12/25. IP22 ni ya nyumbani tu, usiipeleke karibu na maji. Ni ghali, ndiyo, lakini linganisha na bei ya betri mbili.

Namba mbili, NOCO Genius10: ampea 10, ina programu ya lithiamu na inakumbuka chaguo la mwisho. Namba tatu, CTEK MXS 5.0: imara, inakumbuka pia, lakini kwa ampea 5 inafaa betri ya kuwashia mota, si ya taa za usiku mzima, na lithiamu si kazi yake.

Zile za plastiki nyekundu au njano zilizoandikwa "Pulse Repair": kama huna jinsi, zitumie ukiwa macho, multimita mkononi, uchomoe mwenyewe.

Na vibandiko vyao ni matusi. Geuza chaja usome nyuma. Imeandikwa inaingiza volti 220 kwa ampea 0.6, yaani wati 132. Mbele imeandikwa ampea 20; kwa volti 14 hizo ni wati 280. Nyingine zinatoka wapi, kwenye volkano? Muuzaji huyo huyo atageuza noti yako ya dola kwenye mwanga mara tatu na kuikataa kwa mpasuko mdogo kama unywele, huku chaja yake haina fakture na garanti yake inaishia mlangoni. Dai fakture yenye namba ya chaja. Akisema bei itapanda ukitaka karatasi, nenda duka la pili.

Ukifika nyumbani: fuzi ya ampea 20 kwa chaja ya 15, karibu kabisa na ncha chanya ya betri, waya wa milimita za mraba 4. Betri ya maji ichajiwe penye hewa, kamwe si chini ya sitaha iliyofungwa pamoja na tangi la esansi, kwa sababu inatoa haidrojeni. Unganisha vibanio kwanza, prizi baadaye. Wakati wa kutoa, prizi kwanza.