Betri ya pikipiki ya umeme: kabla ya kuuliza Ah (ukubwa wa akiba yake), uliza inasawazisha seli zake vipi

Lalamiko ni lilelile. Betri ya 72V 40Ah ilikuwa inavuka kilomita 80, haijamaliza mwaka inazima ghafla kwenye 50 huku kioo kikionyesha chaji bado asilimia 30. Muuzaji anasema seli, yaani vibetri vidogo vilivyo ndani, zimekufa, nunua nyingine. Mara nyingi hazijafa. Zimepishana chaji, na BMS aliyoiweka (kifaa cha kielektroniki kinachosimamia na kulinda seli) imeshindwa kuzirudisha sawa.

Betri ya LFP (lithiamu ya chuma na fosfati) ya 72V mara nyingi ina seli 24 zilizoungwa mfululizo. Mkondo uleule unapita kwenye zote, kwa hiyo seli iliyo nyuma kwa chaji ndiyo inayoamua safari: ikishuka hadi volti 2.5, BMS inakata umeme hata kama zile 23 bado zina akiba. Kwenye kuchaji, iliyo mbele inagonga 3.65 kwanza na chaji inakatwa kabla nyingine hazijajaa.

BMS za bei ya chini husawazisha kwa kuchoma umeme wa ziada kwenye resista, kwa mkondo wa miliampea 30 hadi 100, tena mwishoni mwa chaji tu. Piga hesabu: seli zikipishana kwa 2Ah, miliampea 50 zinahitaji saa 40 za kukaa karibu na kujaa. Nani ana saa 40? Taa ya chaja ikigeuka kijani, dereva anachomoa na kuondoka. BMS inayohamisha umeme kutoka seli iliyojaa kwenda iliyopungua, kwa ampea 1 au 2, kazi hiyo huimaliza kwa saa chache.

Tena LFP inajua kuficha. Kati ya asilimia 20 na 80 volti hazitoki sana kwenye 3.2 hadi 3.3, kwa hiyo ukipimiwa betri ikiwa nusu, namba zote zitapendeza. Dai ichajiwe hadi seli zipite 3.45, ndipo usome. Betri mpya ikionyesha tofauti inayozidi milivolti 30, iache. Kisha ipewe mzigo, mtu apande mlima nayo; seli moja ikizama zaidi ya volti 0.1 chini ya wenzake, iache pia.

Ukiniuliza uchague betri ipi, namba moja kwangu ni LFP yenye seli za kampuni ya EVE na BMS ya chapa ya JK inayohamisha umeme. Ndiyo, naipendelea, na sifichi. JK inakuonyesha volti za kila seli kwenye simu na kukuruhusu kupanga usawazishaji uanzie volti ngapi, weka 3.40 hadi 3.45. Seli za EVE huja na msimbo wa QR juu yake, na ukikuta umekwanguliwa, mara nyingi hizo ni za daraja la chini. Angalia pia ampea: kontrola (kifaa kinachopeleka umeme kwenye mota) ya 80A inataka BMS ya 100A ya kudumu, si ya sekunde chache.

Namba mbili ni kubadilisha betri kituoni. Anayezunguka kutwa nzima, kusawazisha si shida yake tena. Ila atalipa siku zote, na kampuni ikifunga, anabaki na pikipiki yenye plagi isiyoingia betri nyingine.

Namba tatu, NMC (lithiamu ya nikeli, manganizi na kobalti). Ni nyepesi, lakini huzeeka haraka, hasa ikiachwa imejaa kwenye joto. Hatari kubwa ni chaja: NMC ya seli 20 hujaa kwenye 84V, LFP ya seli 24 kwenye 87.6V. Ukichomeka ya LFP, kila seli ya NMC inaelekea 4.38 badala ya 4.2, na hapo unachezea moto.

Betri za asidi: rahisi kununua, nzito, na ukizoea kuzishusha chini ya nusu zinakufa mapema. Basi.

Beba mzani. LFP ya seli 24 za 40Ah ina karibu 3.07 kWh na haiwezi kuwa chini ya kilo 18. Ikiwa na kilo 12, stika inadanganya.

Kuhusu bei: watafiti wa soko la nishati, BloombergNEF, walitaja wastani wa dunia wa bei ya betri za lithiamu mwaka 2024 kuwa dola 115 kwa kWh. Mnunuzi wa betri moja hafiki hapo, na sababu zipo: seli za LFP karibu zote zinatoka China, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria, na oda ndogo haina punguzo. Hayo tunayaelewa. Kisichoeleweka ni muuzaji kubana senti kwenye BMS, sehemu ndogo ya gharama yote, kisha kuifunga kwa nenosiri analolijua yeye tu ili kila hitilafu ikurudishe kwake. Nenosiri hilo liandikwe kwenye risiti, na ulijaribu kwenye simu yako kabla hujalipa.